Daktari wa Picha na Maini ya Watoto

Kwa miaka sita tuliyofanya kazi pamoja aliniudhi karibu kila siku, na sijapata kumheshimu mtu mwingine wa kazi kuliko yeye. Wodi ya watoto tulimwita Daktari wa Picha, kwa sababu kazi yake ilikuwa ile ya chumba cha altrasaundi, mwisho wa korido, karibu na stoo ya magodoro. Jina lake lilibandikwa mlangoni, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia, hata mganga mkuu. Nami nitaliacha huko huko mlangoni.

Naandika habari zake kwa sababu kuna maneno niliyopaswa kuyasema siku moja mchana, wodini, mbele ya watu, nikayameza. Kwa ajili ya maneno hayo mtoto alikufa, au huenda alikufa, na yeye akaondolewa kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote huku kwetu. Mimi nilibaki na sare yangu ya uuguzi na mshahara wangu. Nimelitanguliza hili ili msomaji asije akadhani namsifu tu mtu kwa kuwa ameshaondoka.

Kazi yenyewe nieleze kidogo. Watoto wachanga wengi hupata manjano ya macho siku za mwanzo, na kwa kawaida yanaondoka yenyewe. Wapo ambao hayaondoki. Wiki ya nne inafika, ya sita inafika, macho yamekuwa rangi ya mafuta ya mawese na tumbo limeanza kujaa. Hapo lazima ijulikane kama mirija ya nyongo imeziba au ini lenyewe linaumwa, maana iliyoziba inahitaji upasuaji, na upasuaji huo unafaa mtoto akiwa bado hajapita miezi miwili hivi. Ukichelewa ini linakauka. Njia ya kujua ni kuchukua kipande cha ini, chembamba kama uzi wa kushonea, na kukipeleka kupimwa. Kabla ya Daktari wa Picha kuja tulikuwa tunawaandikia wazazi barua ya kwenda hospitali kubwa, Mwanza au Dar es Salaam, nao wanaikunja barua, wanaitia kwenye kanga, wanarudi nyumbani. Yeye ndiye aliyesema tutachukua hapa hapa, na sindano itaingia huku tunaiangalia kwenye skrini.

Akina mama walikuwa wakimuuliza swali moja, kila mmoja kwa namna yake: je, ni salama? Na yeye, kwa miaka yote ile, hakuwahi kujibu ndiyo. "Hakuna sindano salama, mama," alikuwa akisema. "Kuna sindano inayoangaliwa na sindano isiyoangaliwa. Mimi nitaiangalia." Matroni alimwonya kwamba anawatisha wazazi na siku moja watachukua watoto wao waondoke. Hawakuondoka. Nadhani walikuwa wameshachoka kudanganywa na watu wenye makoti meupe, na huyu alikuwa hajui kudanganya hata kwa adabu.

Mama akija na mtoto wa manjano, hakumuuliza kama choo cha mtoto ni cheupe, kwa sababu kila mama atasema ni cha kawaida. Alimuuliza, "Kinafanana na ugali wa sembe au ugali wa mtama?" Mama anafikiri. Akisema sembe, uso wa Daktari wa Picha haukubadilika hata kidogo, ila alianza kuvuta ndevu chache alizokuwa nazo kidevuni, na mimi nikajua leo tuna kazi. Na bado hakuliamini jibu. Alitaka nepi yenyewe. Tulikuwa na akina mama waliosafiri kutoka machimboni Geita wakiwa wamefungasha nepi chafu kwenye mfuko wa rambo kwa sababu yeye aliwaagiza kwa simu, na kondakta akawagombeza njia nzima.

Alikuwa mkali wa maandalizi kuliko kazi yenyewe. Mtoto ambaye nyongo yake imeziba, damu yake haigandi vizuri, kwa hiyo anachomwa vitamini K kwanza, damu inapimwa, majibu yanarudi, ndipo sindano ya ini. Majibu yasiporidhisha mtoto anarudi kitandani. Kuna mtoto alimrudisha mara tatu. Baba yake alikuwa mchimbaji, mikono imepasuka, ametoka huko kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, akiwa bado ana udongo masikioni, akapandisha sauti korido nzima ikasikia. Daktari wa Picha alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Wewe unashuka duarani kwa kamba?" Yule baba akasema ndiyo. "Kamba isipokaguliwa unashuka?" Yule baba akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Ndani ya chumba kile alikuwa mtu mwingine. Alivua viatu, sijui kwa nini, akabaki na soksi. Jeli aliipasha kwenye bakuli la maji ya moto kabla haijagusa tumbo la mtoto, na ole wako kama maji yamepoa. Kidole changu kilichovaa glovu nilikichovya kwenye maji ya sukari, mtoto akakinyonya. Yeye akapapasa kwa kile kidude chake cha altrasaundi, akalitafuta ini, akatafuta njia isiyopita kwenye mshipa, na alipoipata alinyamaza kabisa. Alinyamaza mpaka sindano ilipoingia na kutoka. Ilikuwa muda wa kupiga chafya mara mbili. Halafu aliutazama ule uzi wa ini ndani ya kichupa cha dawa ya fomalini, akamwonyesha mama. "Hiki tu ndicho nimechukua. Kingine chote nimemwachia mwenyewe."

Kulikuwa na mnunuzi wa almasi kutoka Maganzo, mtu wa kofia pana na pete mbili, mwanawe wa kiume alikuwa na wiki saba. Alipoonyeshwa kile kichupa alitoa lenzi yake mfukoni, ile wanayotazamia mawe, akaiweka jichoni na kukigeuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Tulimwacha. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lina kasoro, Dokta?" Daktari wa Picha akamjibu, "Sijui. Anayejua yuko Mwanza, na ana foleni." Yule bwana akarudisha lenzi mfukoni, akavua kofia, akawa anaitazama ndani. Sote tulitazama pembeni.

Na foleni ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Sindano yake ilileta jibu, hilo sina shaka nalo. Vipande vyake vilisomeka, na waliovisoma walimsifu. Lakini jibu lilichukua wiki mbili, tatu, na miezi miwili ya mtoto haisubiri mtu. Alikuwa akipiga simu maabara kila asubuhi mpaka wakawa hawapokei, akaanza kutumia simu yangu. Mtoto mmoja wa Geita jibu lake liliwahi, likasema mirija imeziba, apasuliwe haraka. Ukoo ukakaa, ukasema watakwenda baada ya kuvuna pamba. Walirudi kwetu baada ya kuvuna pamba. Alimpapasa yule mtoto kimya, akamwambia mama, "Mmechelewa kidogo," akatoka nje. Nilimkuta koridoni ameegemea ukuta. "Kidogo," akaniambia. "Umesikia nilivyosema? Nimesema kidogo." Ilikuwa mara ya pekee kumsikia akipunguza ukweli, na alijichukia kwa wiki nzima.

Waliopona walikuwepo. Kuna msichana mmoja alipasuliwa kwa wakati, na mama yake alikuwa akimleta kila mwaka kutusalimia, mtoto anakimbia wodini na ndala za mtu mwingine. Daktari wa Picha hakuwa akitoka kumwona. Alichungulia kwa upenyo wa mlango, akafunga.

Alikuwa na vituko vyake, nisimfanye mtakatifu. Alibandika tangazo lenye sahihi yake kwamba ni marufuku kula ndani ya chumba cha picha, na droo ya meza yake ilijaa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuwa Msukuma, lakini michembe na karanga alivipenda kuliko sisi tuliokulia navyo. Alikuwa pia mwoga wa sindano. Siku ya chanjo ya wafanyakazi alijificha kwenye gari la wagonjwa, na tulipomtoa akaomba alale chini kwanza. Mtu aliyechoma maini ya watoto wa wiki tano alifumba macho kwa sindano ya bega. Tulimcheka mwezi mzima, naye akatununia mwezi mzima.

Kwangu mimi alikuwa mkali zaidi kwa sababu nilikuwa mdomo wake. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Didia, nimezaliwa na kukulia kwenye Kisukuma, na wazazi wengi waliotoka vijijini Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Mabibi ndio kabisa hawakukijua. Yeye alisema, mimi nikatafsiri. Lakini sisi hatumwambii mkubwa "usifanye." Mtu mzima unamzungukia, unamsalimia, unamuuliza habari za ng'ombe na mvua, kisha unaliweka neno lako mahali atakapoliokota mwenyewe. Yeye alikuwa akisikiliza huku amekunja uso. "Sista, mimi nimesema maneno manne. Wewe umesema arobaini."

"Manne yako yana ukali, Dokta. Nayapoza."

"Usipoze. Yakipoa hawayakumbuki."

Nilimwona ni mtu wa kuja asiyejua watu. Nikaendelea kupoza.

Mtoto ninayemsemea aliitwa Mbula, binti, wiki ya sita. Mama yake alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa kijiji cha jirani na chetu, na aliyemsindikiza alikuwa mama yake mzazi, bibi ya mtoto. Bibi yule nilikuwa namfahamu kwa sura tangu utotoni. Alikuwa mwembamba, mpole, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Asiye wa huku hataelewa uzito wa macho hayo. Kwetu bibi mwenye macho mekundu watu hupunguza sauti akipita. Wapo waliokatwa mapanga kwa macho tu, wakidhaniwa wachawi. Nilikuwa nimeshamwona mama mmoja kitanda cha pili akimfunika mwanawe kwa kanga bibi alipopita kwenda kuchota maji.

Vipimo vya Mbula vilikuwa vizuri. Sindano iliingia na kutoka kama siku zote, mara mbili, vipande viwili. Baada ya sindano ile mtoto alazwe ubavu wa kulia, atulie saa sita, asinyanyuliwe ovyo, na kubwa kuliko yote asibebwe mgongoni mpaka kesho yake. Tumbo likibanwa na mbeleko, ini lililotobolewa laweza kuvuja. Tulimrudisha kitandani, Daktari wa Picha akamwangalia mama, akamwangalia bibi, akanigeukia. "Mwambie bibi asimbebe huyu mtoto mgongoni. Mwambie hivyo hivyo."

Bibi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbeleko ipo mabegani, anatungoja. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, maana daktari akiongea kila mtu hutega sikio. Nikatazama yale macho. Nikawaza kwamba nikisema kwa Kisukuma, kwa sauti, mbele ya wanawake ishirini, kwamba bibi huyu asimguse mjukuu wake mgongoni, watasikia ninachosema na watasikia ambacho sikusema. Ingetoka wodini ikafika kijijini kabla yake: hata hospitali wamemkataza mtoto. Nikamwambia, "Mayu, daktari anakushukuru kwa kumleta mtoto. Anasema Mungu akipenda ataamka vizuri." Bibi akapiga makofi mawili ya shukrani. "Wabeja," akasema.

"Umemwambia?" akaniuliza Daktari wa Picha.

"Nimemwambia, Dokta."

Kwa mara ya kwanza sikuwa nimetumia maneno mengi, na ndiyo sababu aliniamini. Habari ya mgongo nilimnong'oneza mama wa mtoto baadaye, nikimkabidhi kipimajoto. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hajalala siku tatu. Nilipokwenda kitanda cha mwisho kufunga dripu na kurudi, yeye alikuwa amesinzia ameinamia godoro, na kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa anatembea taratibu kwenye baraza, Mbula yupo mgongoni amekazwa barabara, ananyamazishwa kwa kuimbiwa. Mtoto alikuwa amelia, na bibi alifanya kitu ambacho mikono yake imefanya maisha yake yote. Sijui alikaa mgongoni muda gani. Nilimfungua mwenyewe. Midomo ilikuwa imepauka na mapigo yalikuwa yanakimbia.

Damu ilitafutwa, ikapatikana kwa kuchelewa, ikaingia. Daktari wa upasuaji aliitwa. Mbula alifariki jua halijazama. Daktari wa Picha alikaa kwenye ile ndoo ya bibi, bila viatu, mpaka mfagiaji alipomwomba apishe.

Mjomba wa mtoto alikuja na pikipiki kuchukua maiti. Alimtazama bibi mara moja tu, akasema, "Tutaelewana nyumbani." Daktari wa Picha hakujua Kisukuma, lakini aliniuliza amesema nini, na safari hiyo sikupoza.

Kesho yake alikwenda msibani. Mimi nilibadilishana zamu ili nisiende, kwa hiyo nasimulia nilichosikia. Alisimama mbele ya wanaume waliokuwa wameketi karibu na kaburi, akasema kwa Kiswahili, na mwenyekiti wa kitongoji akatafsiri: "Aliyemuua mtoto huyu ni mimi. Sindano yangu ndiyo iliyotoa damu. Hakuna mtu mwingine." Walikuwepo waliosimama kumfuata, wengine wakawashika. Aliondoka akiwa amechaniwa shati. Lakini bibi hakuguswa, siku ile wala baadaye.

Hospitali iliunda kamati. Yeye aliwaambia maneno yale yale ya msibani, hakuongeza, hakujitetea. Mimi niliulizwa swali moja: ndugu walielezwa kwamba mtoto asibebwe? Nikajibu, "Walielezwa." Nilikuwa nimemweleza mama, si ndiyo. Jibu langu likaandikwa, karatasi ikaenda kwenye faili. Sindano za ini kwa watoto wachanga zikapigwa marufuku kwetu, na baada ya miezi michache Daktari wa Picha akaondoka na sanduku la vitabu na lile bakuli la kupashia jeli. Hakuaga. Siku hizi mtoto wa manjano akija tunaandika barua ya kwenda Mwanza. Wengine wanakwenda.

Nilijifariji kwa miaka saba kwa namna ya ajabu kidogo. Niliamini alisema uongo pale kaburini. Niliamini alijua kabisa kwamba ni mgongo, na alijitwisha yeye ili mwanamke mzee asichinjwe, na kwa uongo huo nilimpenda kama baba. Lakini kila nilipompenda nilikumbuka ni mimi niliyemfikisha pale. Mwaka jana nilipata habari kwamba yuko Buseresere, anapiga altrasaundi za wajawazito kwenye zahanati ya mtu binafsi. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda gari mpaka Geita, nikabadilisha nyingine.

Zahanati ilikuwa kati ya duka la pembejeo na saluni ya kusuka. Wajawazito watano walikuwa kwenye benchi. Aliponiona aliinua miwani.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Sista, umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Ndiyo kazi niliyobaki nayo," akasema, akaniambia nisubiri.

Alipopata nafasi alinikaribisha ndani, akafunga mlango. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: macho ya bibi, wanawake wa wodini, nilichosema na ambacho sikusema, kipimajoto, kamati, neno langu la "walielezwa." Nilimwambia kazi yake ilipotea kwa ajili yangu. Sikulia, nilikuwa nimeshalia garini. Yeye alinisikiliza akiwa anafuta kidude chake kwa kitambaa, akafuta mpaka sehemu zilizokuwa safi.

"Robo saa baada ya sindano nilimpapasa tena," akasema. "Wewe ulikuwa unakwenda kuchukua shuka. Kulikuwa na mstari mweusi chini ya ini. Mwembamba, kama wa penseli. Ni damu hiyo."

Nikamwambia sikumbuki.

"Huwezi kukumbuka, sikukwambia. Mistari ile huwa naiona, na mingi inakauka yenyewe. Nikasema utakauka. Nilipaswa kumwita mpasuaji na kuagiza damu wakati ule ule, mtoto hajafika hata mgongoni kwa mtu. Niliita mgonjwa mwingine."

"Kwa hiyo pale msibani..."

"Nilisema ukweli. Wewe ulidhani nilisema nini?"

Nikakaa. Nilihisi hasira, na aibu kwa hiyo hasira. Nikamuuliza basi ni nini kilimuua Mbula, mstari au mbeleko.

"Sijui. Ningekuwa najua ningelala." Aliweka kitambaa chini. "Yule bibi hajambo?"

Nikamwambia alifariki masika yaliyopita. Nilikwenda kumzika, ni jirani zetu. Mama yake Mbula sasa ana watoto watatu, na pale msibani ndiye aliyenieleza kwamba mama yake hakuwahi kumbeba hata mmoja wao. Akipewa mtoto alimpakata muda mfupi, akamrudisha. Akiambiwa mbebe nikachote maji, alisema mgongo wake haufai.

Daktari wa Picha alivua miwani. "Lakini mimi nilikwenda. Nilisema mbele ya watu wote."

"Ulisema kwa Kiswahili, kwa wanaume. Yeye alikuwa ndani na wanawake. Mwenyekiti aliwaambia wale vijana daktari amekiri, watulie. Hakuna aliyeingia ndani kumwambia yeye."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nilimuuliza binti yake. Hakuna."

Nje mwanamke mmoja aligonga, akasema, "Dokta, bado mimi." Akamwambia asubiri kidogo. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, jambo ambalo sikulizoea.

"Wewe si ulikuwa unakwenda nyumbani Didia?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Ulikuwa unakutana naye?"

"Gulioni. Tulikuwa tunasalimiana."

Alitikisa kichwa, akavaa miwani, akafungua mlango na kumwita yule mwanamke aingie alale kitandani. Mimi nilichukua mkoba wangu. Nilipokuwa napita mlangoni akaniambia, bila kunitazama, "Hayo maneno uliyoniletea, Sista, yalikuwa ya kumpelekea bibi. Yangu pia yalikuwa ya kwake."

Nikamwambia najua, nikatoka kwenda stendi.